Glavu ya Kulia

Glavu ilikuwa yangu.
Nianzie hapo, maana ripoti haikuanzia hapo.
Ripoti ilisema: saa tatu na dakika kumi, gati la Kisumu,
mfanyakazi hakuwa makini.
Ikapigwa muhuri, ikalala kwenye faili.

Tulikuwa wanne kwenye tishari la kuvuna magugu,
glavu jozi mbili.
Asubuhi hiyo ya Onditi ilikuwa imechanika kiganjani,
nami nikamvulia yangu, ya kulia,
kubwa, ngumu, imekaukiwa na grisi,
nikamwambia: Shika, waya usije ukakuchoma.

Gugu lilikuwa limefunga maji toka Dunga hadi gatini,
kijani kibichi, maua ya zambarau,
ungedhani ni shamba, ungeshuka na jembe.
Winchi ikaguna.
Waya ulianza na ncha ya glavu,
pale ambapo kidole changu kingefika na chake hakikufika,
sentimita moja ya hewa,
kisha ukaifuata njia hiyo hiyo hadi kwa mwenyewe.

Hakupiga kelele. Aliyepiga ni mimi.
Barasa, kwenye wenzo, alikuwa amegeuka kumtazama yangeyange
aliyetua juu ya rundo la magugu.
Sekunde mbili. Labda tatu.
Bado nazihesabu kila ninapopiga mswaki.

Injini ilipozimwa nikalisikia ziwa likilamba chuma,
taratibu, kama ng'ombe na chumvi yake.

Tuktuk ikatubeba hadi Russia
(ndivyo tunavyoiita hospitali, hata sisi tusiojua Urusi iko upande gani).
Mimi nilipakata mfuko wa barafu tuliyopewa na muuza mbuta,
ndani yake glavu,
ndani ya glavu vidole vitatu.
Daktari akachungulia mfukoni,
akatazama saa ya ukutani,
akaufunga fundo.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Onditi amebakiwa na viwili, cha pete na cha mwisho,
majirani ambao hawakuwahi kufanya kazi ngumu.
Chawa, anasema, sasa wanaijua anwani yake.

Mwezi wa tano tukaenda kufuatilia fidia.
Bi Khasandi, mpole, mwenye kikohozi,
akasogeza fomu na pedi ya wino.
"Kidole gumba hapa, baba. Cha kulia."
Onditi akauweka mkono mezani, akaugeuza,
kama mtu anayepapasa funguo
kwenye mfuko anaojua ni mtupu.
"Hicho, mama," akasema, "mnacho nyinyi."

Tukacheka. Bi Khasandi naye akacheka,
kisha akatoa leso,
kisha akatuambia turudi Jumatano.

Tumerudi Jumatano nyingi.

Kule Seme, akiwapa shangazi zake mkono wa kushoto
wanasita kwanza, nusu pumzi,
adabu ya miaka sabini ikiwazuia,
kisha wanaupokea kwa mikono yote miwili
na hawajui wauachie lini.
Bintiye mdogo ndiye hana shida:
huvishika vile viwili wakivuka barabara
kama kwamba mkono wa baba
siku zote huwa hivyo.

Sijawahi kumwambia juu ya ile sentimita.
Anajua. Ndiye aliyeivaa.
Lakini hajasema hata siku moja *glavu yako*.
Husema *ile glavu*,
na mimi hunywa chai yangu nikiangalia sakafu.

Jumapili nikimtembelea Nyalenda,
redio ikiwa chini, mvua ikigonga mabati,
wakati mwingine hukunja uso ghafla.
"Kinawasha."
"Kipi?"
"Cha shahada."

Basi nasogeza kiti.
Napeleka kucha zangu pale ambapo hakuna kitu,
juu ya kovu, hewani,
nakuna.

"Juu kidogo," anasema, macho kayafumba.
"Hapo.
Hapo hapo."